Mfereji Mkavu Chini ya Mlima Elgon: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kilitokea upande wa Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, katika kijiji kilicho chini tu ya mpaka wa Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Sitakitaja kwa jina, wala sitawataja watu wake, kwa sababu mambo mengine bado yanaendelea na majirani ni wale wale. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya hapo, daftari la vikao liko mikononi mwangu, na mengi ninayoyaeleza yametoka humo.

Kwa ufupi, maji ya bomba yalikatika wakati wa kiangazi, watu wakaitisha baraza, na baraza lililoitwa kwa ajili ya maji likageuka kuwa la kuidai mbuga. Walitaka sehemu ya mlima ifunguliwe ili walime. Nililipinga wazo hilo siku ile na ningali nalipinga. Hata hivyo, waliolitoa hawakuwa wajinga wala majangili. Walikuwa na hoja, na anayetaka mbuga hii idumu hana budi kuzijibu moja baada ya nyingine.

Maji yanavyotufikia

Mradi wetu ni wa maji ya mtiririko. Hauna pampu wala hautumii stima. Huko juu, karibu na ukingo wa msitu, kuna kizingiti kidogo cha saruji ambacho watu hukiita inteki. Hapo maji huingia kwenye sanduku la chujio, yakateremka kwa bomba hadi tangi la mawe, kisha yakagawanywa kwenye mifereji ya maboma na vioski vya maji. Mtaro wa bomba ulichimbwa na wakazi wenyewe kwa majembe na sururu, kila boma likipewa kipande chake. Ndiyo maana maji haya watu hawayachukulii kuwa ya serikali. Ni yao.

Mwaka huo mvua iliacha mapema. Kufikia mwisho wa Januari tangi lilikuwa halijai tena usiku. Februari mifereji ya maboma ya chini ikawa inatoa upepo tu, na kwenye kioski mitungi ya manjano ilipangwa foleni tangu saa kumi alfajiri. Shule ya msingi ikawataka watoto waje na maji kutoka nyumbani. Vijana wa bodaboda wakaanza kuyauza maji ya mtoni kwa mtungi, na waliokuwa na ng'ombe wa maziwa wakaona maziwa yanapungua siku baada ya siku, maana ng'ombe anayekamuliwa hunywa maji mengi mno kwa siku.

Ndipo uvumi ulipoingia. Ilisemekana kwamba huko juu mbugani maji yamekatizwa na kuelekezwa kwingine, kwa ajili ya wageni na wanyama. Hakuna aliyeyaona hayo kwa macho yake, lakini katika kijiji kisicho na maji uvumi hauhitaji shahidi.

Yaliyosemwa barazani

Baraza lilifanyika nje ya ofisi ya chifu. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, asiye na kazi ya kudumu, naye alikuja na hesabu yake tayari. Mbuga ya upande wa Kenya ina kilomita za mraba 169. Hizo ni zaidi ya ekari 41,000. Baba yake ana ekari tano, na wao ni ndugu sita. "Ardhi ya ndovu haijagawanywa hata mara moja," alisema, "ya baba inagawanywa mara sita." Alishangiliwa sana.

Akafuata mama mmoja mjane. Mwezi wa nane uliopita, mahindi yake ya mbegu ya 614 yakiwa yameshabeba mabunzi, ndovu waliingia usiku mmoja wakayamaliza. Yaliyobaki yalikuwa mabua yaliyolala na nyayo zilizojaa maji. "Bwana chifu, mimi sina ugomvi na ndovu," alisema. "Nataka kujua ni nani anayelipa mahindi aliyokula." Hakuna aliyemjibu. Katika yote yaliyosemwa siku ile, swali hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Mzee wa Kisabaot alizungumza kwa utulivu zaidi. Alikumbusha kwamba mlima huu ulikuwa na wenyewe kabla ya kuwa na lango. Wazee wake walichunga huko juu, na wengine waliishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka wa 1932, mbuga ikafuata mwaka wa 1968, na mara zote mbili, alisema, watu wa chini walisikia habari baada ya mpaka kuwekwa.

Kisha likaja swali lililokuwa likizunguka tangu asubuhi: mbuga hii inatulisha nini? Wageni wake si wengi kama wanaokwenda Nakuru au Maasai Mara. Fedha za lango haziingii kwenye kioski chetu. Kazi ni chache. Nani angelaumu mtu kwa kuuliza hivyo?

Mwenyekiti wa kamati aliomba jambo moja kabla ya ombi lolote kuandikwa. Watu wachache wateuliwe, pamoja na kijana yule wa hesabu na askari mmoja wa wanyamapori, wapande hadi kwenye chanzo waone kama kweli maji yamekatizwa. Baraza likakubali.

Vijito viwili

Inteki yetu imejengwa mita chache chini ya mahali vijito viwili vinapokutana. Cha kulia, ukiwa umeuelekea mlima, kinatoka ndani ya mbuga. Cha kushoto kinatoka kwenye mteremko ulio nje ya mpaka, ambao zamani ulikuwa na msitu na sasa ni mashamba.

Tulifika katikati ya Februari, jua kali. Kijito cha kulia kilikuwa kinapita. Hakikuwa kingi, maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, lakini yalikuwa safi na baridi kiasi cha kuuma vidole, na ungeweza kuhesabu changarawe zilizokuwa chini. Tulikifuata ndani ya mbuga tukiwa na askari wetu kwa mwendo mrefu. Hatukuona bomba wala mtaro wa kukielekeza kwingine. Kilikuwa kinatoka chini ya mizizi, mahali pengi padogo padogo, na udongo wa kando ulikuwa mweusi na mlaini hata ukipachomeka fimbo inazama bila kusukumwa. Juu yetu kulikuwa na miti mikubwa ya podo na ile ambayo watu wa mbao huiita tiki ya Elgon, iliyoota kuvu na ndevu za ukungu.

Kijito cha kushoto kilikuwa mawe makavu na kinyesi cha ng'ombe.

Tulikipanda nacho. Viazi vilikuwa vimelimwa hadi kwenye ukingo wenyewe, na mahali pengine matuta yalielekea chini, yaani yanayaonyesha maji njia ya kukimbilia. Kando ya kijito kulikuwa na safu ya mikaratusi, iliyopandwa kwa nia njema ya kuuza nguzo. Mikaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi. Mwaka wa 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji nchini, na wengi wakati ule walimwona mkali kupita kiasi. Ukisimama kwenye kijito hiki cha kushoto mwezi wa Februari unamwelewa.

Mvua ya kwanza ya maana iliponyesha mwezi wa Machi, yule kijana alirudi juu kwa hiari yake akiwa na chupa mbili za plastiki zisizo na rangi. Alichota kila kijito kwa chupa yake, akaziweka dirishani kwa mama yake usiku kucha. Asubuhi chupa ya kulia ilikuwa na rangi hafifu ya chai na vumbi kidogo chini. Ya kushoto ilikuwa na tope lililotulia kwa unene wa vidole viwili, na maji juu yake bado ya kahawia. Alizileta kwenye kikao cha kamati na kuziweka mezani bila kusema lolote.

Tope lile lilikuwa limeziba chujio letu mara kwa mara, na mchanga wake ndio uliokuwa umejaza sehemu ya bomba. Kwa hiyo tulikuwa na tatizo moja lenye sura mbili. Kiangazi, nusu ya chanzo chetu hukauka. Masika, nusu hiyo hiyo hutuletea udongo wa watu.

Ninajua kwamba vijito viwili si jaribio la maabara. Havilingani kwa ukubwa, na miteremko yake haifanani sawasawa. Lakini mvua iliyonyesha ilikuwa moja na mlima ni mmoja, na kilichokuwa tofauti wazi wazi ni kilichosimama juu ya udongo.

Msitu unafanya kazi gani hasa

Watu hupenda kusema msitu unaleta maji. Kauli hiyo huwaponza wahifadhi, kwa sababu mkulima mwerevu atauliza mbona miti nayo inakunywa, na atakuwa amesema kweli. Ukiacha ukungu unaonaswa huko juu, msitu hauongezi maji juu ya yale yaliyonyesha ardhini. Unayachelewesha, na katika nchi yenye kiangazi cha miezi mitatu, kuchelewesha ndiko kila kitu.

Tone la mvua likianguka msituni hugonga jani, kisha jani lingine, likafika chini likiwa halina nguvu. Chini hukuta majani yaliyooza, mizizi na vitundu vya wadudu, na udongo wa volkano ulio mzito na wenye kina. Huzama. Hutembea polepole ndani kwa ndani, likaja kutokea kwenye chemchemi miezi kadhaa baadaye. Msitu huyagawa maji kama mama mwenye nyumba anavyougawa unga wa debe moja hadi mwisho wa mwezi. Tone hilo hilo likianguka kwenye shamba lililo wazi hupiga udongo, huuziba usipitishe kitu, kisha hukimbia juu juu na udongo wenyewe mgongoni. Maji yote ya mwaka yanaweza kupita kwenye inteki kwa wiki chache, nasi tukabaki na mitungi.

Juu zaidi ya msitu kuna mianzi, na juu ya mianzi kuna nyanda za baridi zenye nyasi ngumu, madimbwi, na ile mimea mikubwa ya senesio na lobelia isiyopatikana tambarare. Mianzi na miti ya huko hunasa hata ukungu, na ukungu ukinaswa hudondoka kama mvua. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222, na Wagagai, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Kati yake kuna shimo la volkano la zamani lenye upana wa takriban kilomita nane, na humo ndimo Mto Suam unamoanzia.

Hapo ndipo hesabu ya ekari 41,000 inapoanza kuvunjika. Sehemu kubwa ya ekari hizo ni miamba, mianzi na nyanda za baridi ambako hindi haliwezi kukomaa. Inayolimika ni ile mikanda ya chini, yaani mahali penye podo, tiki ya Elgon na chemchemi. Ukisema "tufungue kidogo tu cha chini," umesema tufungue kile kinachotunyweshea. Na hata tungeigawa yote, mawe na baridi pamoja, Trans Nzoia ilihesabiwa watu 990,341 katika sensa ya 2019. Kila mmoja angepata chini ya sehemu moja ya ishirini ya ekari. Kijana wetu aliifanya hesabu hii mwenyewe kwenye simu yake, mbele yetu, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo nalo ni kweli: kwamba hesabu hiyo haimpi yeye shamba. Sina jibu la kumpa shamba. Nina jibu la kwa nini mlima hauwezi kuwa shamba hilo.

Wanaokunywa bila kuuona mlima

Tulikuwa tukibishana kama kwamba mlima ni wetu peke yetu. Elgon ni moja ya milima mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Cherangany, Aberdare na Mlima Kenya. Mto Koitobos huteremka upande wetu, na Kuywa upande wa Bungoma, yote ikaingia Nzoia. Nzoia huyabeba hayo na maji ya Cherangany, ikapita Webuye na Mumias hadi Budalang'i, kisha Ziwa Victoria. Suam nayo hutoka kwenye lile shimo la volkano, ikageuka kaskazini na kuwa Turkwel, ikaingia kwenye bwawa lenye kituo cha umeme cha megawati 106, kisha ikaelekea Ziwa Turkana. Mfugaji wa Turkana anayenywesha mbuzi kando ya Turkwel, na mvuvi wa Port Victoria, wote wana sehemu katika ekari zile ambazo baraza letu lilitaka kuzipima kwa kamba.

Watu wa Budalang'i wamehama makwao mara nyingi kwa mafuriko ya Nzoia. Sisemi kila mafuriko yanatokana na Elgon. Mvua ikizidi huzidi popote. Lakini kila mteremko wa juu unaoachwa wazi unayaharakisha maji na kuujaza mto mchanga, na mto uliojaa mchanga hupanda juu ya kingo zake mapema. Tope la ile chupa ya kushoto lilikuwa njiani kwenda huko.

Upande wa pili wa mlima kuna somo zito zaidi. Tarehe 1 Machi 2010, katika wilaya ya Bududa, Uganda, mlima uliporomoka na kukifunika kituo cha biashara cha Nametsi pamoja na zahanati yake. Waliokufa walipita 100. Miteremko ile ni mikali, udongo wake ni mfinyanzi wenye kina, mvua yake ni kubwa, na maporomoko yamekuwako huko hata zamani. Ila mteremko wa namna hiyo ukikatwa miti na kuchongwa kwa ajili ya mashamba na nyumba, kinachoushikilia kimepungua. Mlima ni ule ule mmoja. Sitaki kuona kilomita moja ya upande wetu ikifuata njia hiyo.

Ndovu na chumvi

Wengi barazani walitaka ndovu wahamishwe. Ni vizuri kujua kwa nini wako hapa.

Mvua nyingi ya mlimani huosha chumvi kwenye udongo, na majani ya huku hayana chumvi ya kutosha mnyama mkubwa. Lakini ndani ya mapango ya mbuga hii, hasa Kitum, miamba ina chumvi ya sodiamu. Ndovu huingia usiku, katika giza ambalo hata wao hawaoni kitu, wakipapasa sakafu kwa mkonga hatua kwa hatua, mmoja nyuma ya mwingine, watoto wakiwa katikati. Pango la Kitum linaingia mlimani kama mita 200. Wakifika ukutani huchimba kwa pembe, huvunja vipande, huvisaga kwa magego na kuvimeza. Kuta zimejaa michirizi ya pembe, mipya juu ya ya zamani, na yaelekea kazi hiyo ya vizazi na vizazi imelipanua pango lenyewe. Ndovu wa hapa ni mashuhuri duniani kwa uchimbaji huu wa gizani. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana. Waliobaki wana elimu ya njia ile ambayo mama humpa mtoto kwa kutembea naye, na ukiwahamisha au kuwamaliza, elimu hiyo haiandikwi popote.

Mimi ninaamini kitu kama hicho kina haki ya kuendelea kuwako hata kama hakimletei mtu shilingi. Lakini siwezi kumwambia hivyo mama mjane aliyepoteza mahindi yake, nikaishia hapo. Yeye ndiye anayewalisha ndovu hao kwa niaba ya taifa zima. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua fidia: shilingi milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama, kiasi kidogo kwa aliyejeruhiwa, na malipo kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa. Imeandikwa vizuri. Mama huyu alijaza fomu, mashahidi wakatia sahihi, afisa akaja kupima shamba. Tangu hapo kimya.

Hapa ndipo hoja ya uhifadhi ilipo dhaifu kuliko mahali pengine popote, na udhaifu huo hautokani na mlima. Unatokana na sisi tunaofaidika kutolipa deni letu. Faida ya mbuga imetapakaa hadi Turkana na Budalang'i, kidogo kidogo kwa kila mtu. Gharama imerundikwa kwenye maboma machache yaliyopakana na msitu. Mpango wowote usiorekebisha hilo utahitaji askari wengi zaidi kila mwaka, na bado utashindwa.

Kulinda si lazima kufukuza

Maneno ya yule mzee wa Kisabaot yanahitaji jibu lao. Jirani na mbuga, upande wa Bungoma, kuna Chepkitale, nyanda za juu ambako jamii ya Waogiek imeishi kwa ufugaji na nyuki. Mwaka wa 2000 ardhi hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama bila wao kushirikishwa. Walikwenda mahakamani, na mwezi wa Septemba 2022 mahakama ya ardhi na mazingira ya Bungoma iliamua kwamba tangazo lile halikufuata sheria, ardhi irudi kwa jamii. Waogiek hao wana kanuni zao walizoziandika wenyewe, na kati ya mambo yanayokatazwa ni kuchoma makaa.

Waliotaka mbuga ifunguliwe walinitajia hukumu hiyo kama ushindi wao. Naisoma tofauti. Waogiek hawakudai kukata msitu ili walime viazi vya soko. Walidai kukaa kwao na kuulinda kwa taratibu zao. Hukumu ile inathibitisha kwamba serikali ikichora mpaka bila kuzungumza na watu, mpaka unaoza. Haisemi kwamba mlima ugawanywe vipande.

Tulichokubaliana, na kilichobaki

Kikao cha pili kilikuwa kidogo na chenye kazi zaidi. Uvumi wa maji kukatizwa ulikufa siku ile, kwa sababu aliyeukanusha alikuwa kijana yule yule aliyeshangiliwa mara ya kwanza. Mjadala ukahamia kwenye kijito cha kushoto, yaani kwa majirani zetu wenyewe.

Kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 uachwe kando ya mto bila kulimwa. Wenye mashamba wengi walikubali kuziacha mita sita. Mikaratusi itakatwa kwa awamu, mwenyewe auze nguzo zake, na mahali pake tupande mianzi na miti ya kienyeji. Karibu na mashamba tutapanda napia, ili anayepoteza tuta la viazi apate angalau majani ya ng'ombe. Kila boma lenye mfereji litaongeza kitu kidogo kwenye ada ya mwezi kulipia miche na kazi hiyo. Hili lilipita kwa ubishi, lakini lilipita. Anayekunywa ndiye anayepaswa kuchangia, na nafurahi kwamba tulianza na nafsi zetu kabla ya kuidai Nairobi. Askari wa mbuga na kamati watakuwa wakikagua chanzo pamoja, mwanzo na mwisho wa kiangazi.

Mkulima mmoja alikataa, na sababu yake si ya kupuuzwa. Kipande chake chote ni chembamba, kimelalia kijito. Ukiondoa mita sita unaondoa karibu nusu ya chakula cha watoto wake. Kumpeleka kwa sheria tungeweza, lakini hakuna aliyetaka kufanya hivyo. Kamati inatafuta mtu wa kumkodishia sehemu nyingine kwa bei nafuu, na hadi sasa hajapatikana. Maji yake machafu bado yanatufikia.

Kijito cha kushoto hakijarudi. Mianzi bado ni mifupi kuliko mtoto wa shule, na kiangazi kilichofuata tuligawa maji kwa zamu, upande mmoja wa kijiji leo, mwingine kesho. Tofauti ni kwamba chujio linasafishwa mara chache zaidi, na tangi halikukauka kabisa.

Kuhusu ndovu hatukuafikiana chochote. Wengine wanataka fensi ya stima mpaka mzima, wengine wanasema fensi bila matengenezo ni waya wa kuibwa. Wawili wameanza kutundika mizinga ya nyuki ukingoni mwa mashamba, kwa sababu ndovu huogopa nyuki.

Na lile ombi la kufungua mbuga halijafutwa. Limeahirishwa hadi baraza la mwezi wa kumi na mbili, baada ya mavuno, na waliolitia sahihi wana haki ya kulirudisha. Nimemwomba chifu kwamba siku hiyo suala la fidia ya yule mama liwe la kwanza kwenye ajenda, kabla ya maji na kabla ya ardhi, na kwamba ofisi husika iandikiwe barua mapema ili mtu wake aje kujibu mbele ya watu. Amekubali, na barua imepelekwa.